Mpiga Ngoma na Kazi ya Ghalani

Sisi tuliokulia Nandagala, katika nchi ya Wamwera iliyokuwa chini ya Nachingwea na ambayo tangu 1995 imo katika Wilaya ya Ruangwa, hatukumbuki kumwona mtu aliyekula kwa ngoma peke yake. Fundi wa ngoma alikuwa na mihogo na mikorosho yake kama jirani zake. Majira ya jando na unyago yalipowadia aliitwa. Shughuli zilipokwisha alirudi kwenye jembe.

Hata hivyo, ufundi ule haukuokotwa njiani. Kijana alianzia ngoma ndogo, akatakiwa kushika mdundo mmoja usiku kucha, bila kuongeza wala kupunguza, huku mkubwa wake akiichezea ngoma kubwa apendavyo. Akiharakisha, miguu ya wachezaji hukosea, naye huondolewa bila ya neno. Alijifunza kuwasikiliza wenziwe kabla ya kujisikiliza mwenyewe, na kuitambua kwa sikio ngozi iliyolegea, akaipeleka motoni kabla hajaagizwa.

Miaka kadhaa iliyopita tuliketi katika kamati ya usaili ya ofisi moja iliyotafuta mtu wa ghalani: kupokea korosho, kupima na kuandika, tangu asubuhi hadi jioni, mbele ya wakulima waliochoka kungoja. Miongoni mwa waombaji alikuwamo kijana wa kwetu, ambaye mikono yake tuliijua tangu utoto wake. Alipoulizwa ana ujuzi gani, alijibu kwamba hana. Nasi tuliojua kuwa angeweza kukesha bila kupotewa na hesabu, tulinyamaza. Tuliona haya kutaja ngoma mbele ya vyeti. Kazi akapewa mwingine.

Haya hizo tulizitoa wapi? Hazikutoka serikalini, kwani Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilipoanzisha bendi yake mwaka 1964, wapigaji walilipwa mshahara kama watumishi wengine. Bendi hiyo leo huitwa Msondo, kwa jina la ngoma ndefu ya unyago. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao. Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo mwaka 1981. Lakini wote hao walimtaka mpigaji ili apige. Kumwajiri kwa sababu ya yale ambayo ngoma imemfunza, kisha akashika mizani au usukani, hilo ni jambo jingine, na fomu za kazi tulizopata kuziona hazina mahali pa kuliandika.

Kijana yule sasa ni mtu mzima. Jando lililopita yeye ndiye aliyeshika ngoma kubwa. Alfajiri alitukaribisha uji, akatuamkia kwa heshima kama kawaida yake. Tulikunywa, tukazungumza habari za mvua. Ya siku ile ya usaili hatujamwambia.