Ziara Iliyoishia Gisozi

Mwaka 2015 Kigali ilikuwa inajengwa mbele ya macho yetu. Kuba la Kigali Convention Centre lilikuwa limeinuka lakini halijafunguliwa. Mjini kati barabara moja kubwa ilifungwa magari mwezi Agosti, na kwa wiki kadhaa watu waliendelea kubanana pembezoni ilhali lami yote ilikuwa yao. Nilikuwa mgeni wa kazi, mtu wa Bukoba niliyeajiriwa na wakala wa forodha. Kutwa nilikuwa kwenye maghala ya forodha ya Magerwa, Gikondo, nikifuatilia nyaraka za malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam na kuvukia Rusumo. Jioni nilirudi Nyamirambo, mtaa wa misikiti, saluni, mishikaki na muziki, ambako Kiswahili hakijawahi kubisha hodi.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Bujumbura, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda wa 1959. Aliporudi Rwanda mwaka 1994 alimkuta mtoto mchanga wa kaka yake akiwa kwa majirani. Kaka mwenyewe hakumkuta. Hayo aliniambia mara moja tu, kwa sentensi mbili, siku niliyokwenda kulipa kodi, kisha akanihesabia chenji. Yule mtoto sasa alikuwa kijana wa chuo, mrefu, mchekeshaji, na kwa kuwa yeye alimwita mama huyo Shangazi, sisi wapangaji wote tulimwita hivyohivyo.

Habari za mwimbaji Stromae zilianzia kwa kijana huyo. Albamu ya *Racine carrée* ilitoka mwaka 2013 na ilikuwa kwenye simu yake nzima nzima, kuanzia “Ta fête” hadi “AVF”. Mimi nilikuwa naujua “Papaoutai” kama walivyoujua watu wengi wa kwetu: ngoma ya harusini. Dar, Mwanza, Bukoba, ukipigwa tu, meza za wazee zinabaki tupu. Kifaransa hatukijui, na hakuna aliyejali. Ni kijana yule aliyenieleza, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma, kwamba ule wimbo tunaoukatikia viuno ni wa mtoto anayeuliza baba yake yuko wapi. Alinieleza akitabasamu, kama anayemwonyesha mgeni mahali pa kupata sambusa nzuri.

Jina lake halisi huyo mwimbaji ni Paul Van Haver. Alizaliwa Brussels mwaka 1985, mama yake Mbelgiji wa upande wa Waflamandi, baba yake Mnyarwanda, Pierre Rutare, msanifu majengo. Mama ndiye aliyemlea. Baba aliuawa Rwanda mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mtoto akiwa na umri wa miaka tisa. Kigali nzima iliyajua haya kabla ya bango la kwanza kubandikwa. Magazeti ya Ulaya yalimwita nyota wa Ubelgiji. Shangazi alimwita mtoto wa Rutare, kana kwamba huyo Rutare aliwahi kupanga chumba kwake.

Ziara ya albamu ile ilikuwa imezunguka Ulaya na Amerika tangu mwishoni mwa 2013, na Mei 2015 ikaingia Afrika kwa upande wa magharibi. Kigali ilipangwa Juni. Binafsi niliona mwezi huo mzito. Siku mia za kumbukumbu huanza tarehe 7 Aprili na kufika Julai, na ingawa juma la kwanza ndilo la maombolezo makali, katika nyumba kama ile niliyopanga Juni nayo ilikuwa na tarehe zake ambazo mtu hazitaji. Shangazi hakuona tatizo. Alikwisha kumtuma mpwa wake akaulizie tiketi.

Kisha ikaja taarifa kwamba hatakuja. Dawa ya kuzuia malaria aliyokuwa akimeza, ile inayouzwa kwa jina la Lariam, ilimletea madhara makubwa ya akili, akarudishwa Ulaya, na maonyesho ya Kinshasa na Kigali yakafutwa. Pale Magerwa madereva walicheka wakashika mbavu: mtu ametoka Brussels, mbu hajamgusa, dawa ya mbu imemlaza. Nyumbani hakuna aliyecheka. Shangazi alinyamaza kidogo, halafu akasema malaria yenyewe angeponea hapa kwa vidonge vya siku tatu, na angekunywa uji wake. Alizungumza kama mtu aliyeandaa chumba cha mgeni na mgeni hakufika.

Mwaka ule ulikuwa na mambo mengine. Tangu Aprili Bujumbura ilikuwa inawaka, na watu wa mitaa yake ya Buyenzi na Bwiza walikuwa wamejaa Nyamirambo. Wengine walipelekwa kambi ya wakimbizi ya Mahama, wenye ndugu walibanana kwa ndugu. Nyumba yetu ilipokea familia mbili. Jikoni kukawa na Kiswahili cha Bujumbura, Kirundi, Kinyarwanda na Kifaransa kwenye sufuria moja, na redio ikawa haizimwi. Vijana wale wa Bujumbura ndio waliorudisha Stromae mezani. Septemba mmoja alikuja na habari kwamba tarehe imepangwa upya: Jumamosi, Oktoba 17, viwanja vya chuo kikuu cha ULK, Gisozi. Mwanzoni mwa mwezi huohuo angepanda Madison Square Garden, New York, kisha angekuja kumalizia ziara Kigali. Si kupita, kumalizia. Kijana alilirudia neno hilo la kumalizia mpaka nikamwomba aninunulie na mimi tiketi, ili anyamaze.

Siku hizi kuna ukumbi. Kigali Arena ilifunguliwa Agosti 2019 kule Remera, watu 10,000 wameketi kwenye viti vyao chini ya paa, na mwezi uliofuata Ne-Yo akaimba humo. Ikaja kubadilishwa jina kuwa BK Arena, na Desemba 2023 Kendrick Lamar naye akapanda jukwaa hilo. Nimeingia humo mara kadhaa, sauti ni safi na vyoo vina maji, sina la kulalamika. Lakini 2015 mwanamuziki mkubwa alipewa uwanja wa nyasi na anga, na safari ile akapewa uwanja wa chuo kikuu binafsi.

Na uwanja wenyewe uko Gisozi. Asiyeijua Kigali ataona ni jina la kilima tu. Gisozi kuna Gakiriro, soko la maseremala, ambako makabati na vitanda vya nusu ya jiji hutengenezwa na vumbi la mbao haliishi. Kuna ULK. Na kwenye mteremko wa kilima hichohicho kuna makumbusho ya mauaji ya kimbari, yaliyofunguliwa 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Ukitoka mjini kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, ukishavuka Kinamba na kuanza kupanda, makaburi hayo yako njiani. Waandalizi nadhani walitafuta tu mahali penye nafasi ya kutosha. Sikusikia mtu yeyote akilisema jambo hilo siku ile, na tulipita pale tukiwa kundi kubwa, wasichana wameshika viatu vya visigino mkononi.

Shangazi alivaa kitenge kipya na raba. Raba zilikuwa za mpwa wake, na zilimfaa kuliko alivyopenda kukiri. Foleni ilikuwa ndefu, na ukaguzi ulikuwa wa Kigali, maana yake kila mkoba ulifunguliwa na hakuna aliyepiga kelele. Nilichokiona kwenye foleni ile sijakiona tena katika tamasha lolote: umri wote ulikuwepo. Wazee waliosoma kwa Kifaransa kabla shule hazijageuzwa kuwa za Kiingereza mwaka 2008 walisimama na watoto waliosoma kwa Kiingereza tangu mageuzi hayo, na watoto ndio waliojua mashairi. Mzee mmoja nyuma yetu, mwenye koti na tai, alikuwa akimsahihisha mjukuu wake matamshi. Mjukuu hakusikiliza.

Stromae alipotokea jukwaani alikuwa vilevile tulivyomjua kwenye video: mwembamba kama uzi, mavazi ya michoro aliyoyavaa ziara nzima, mwendo wa mtu ambaye viungo vyake vimefungwa na fundi mwingine. Wanamuziki wake wanne walivaa kofia zao nyeusi za mviringo. Kelele zilizopanda sikuwahi kuzisikia Kigali, jiji ambalo hata gari likigonga lingine watu huzungumza kwa sauti ya chini. Alisema na watu mara kadhaa kati ya nyimbo. Nilikuwa nyuma, na kwa Kifaransa changu hata ningekuwa mbele isingenisaidia, ila niliwaona wazee waliotuzunguka wakiitikia kwa vichwa.

Nikiri nilichokitarajia. Nilitarajia, kama walivyotarajia waandishi waliotoka Ulaya, kwamba ukifika ule wimbo wa baba kutatokea jambo. Kwamba atashindwa kuimba, au uwanja utanyamaza, au watu watalia kwa pamoja. Ule wimbo una mchezo wake: kwenye video Stromae ndiye baba, amekaa mkavu kama sanamu ya dukani, mtoto anamtikisa aamke. Jukwaani pia huanza hivyo, mwili umekakamaa. Kutoka nilipokuwa niliyaona mabega tu, juu ya simu za watu, yamesimama bila kutikisika. Halafu ngoma ikaingia, naye akacheza, na uwanja wote ukaimba swali lile kwa sauti kubwa, tena na tena, wakiruka. Mpwa wa Shangazi aliruka hadi kofia yake ikapotea. Msichana mmoja karibu nasi alikuwa analia na kuruka kwa wakati mmoja, na rafiki zake wakamwacha aendelee na yote mawili. Shangazi hakuruka. Alipiga makofi kwa mpigo, mikono juu ya kichwa, kama kwenye arusi ya kwao.

Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine.

Kurudi ilikuwa kwa miguu hadi Kinamba, maana moto zote zilikwishachukuliwa. Kijana alianza kulalamika kabla hatujafika chini. Alisema onyesho lilikuwa zuri lakini ni lilelile aliloliona kwenye YouTube, la Ulaya, hatua kwa hatua. Sisi tulistahili kitu chetu. Hapa ni kwa baba yake, alisema, hawezi kuimba hapa kama alivyoimba kwa watu wa Ulaya.

“Ulitaka afanye nini?” Shangazi akamwuliza.

“Sijui. Asimame. Alie hata kidogo.”

“Wa kulia wanakuja kila Aprili, mwanangu, na kamera zao. Mimi nimelipa nimwone mtu akicheza.”

Kijana hakukubali, na kusema kweli ubishi ule ulikula kifungua kinywa cha Jumapili na cha Jumatatu. Mimi nilimwunga mkono Shangazi, na bado niko naye. Wageni wakubwa wengi wa miaka ile walikuja Kigali kwa mambo mawili: kuweka shada Gisozi na kupanda kwenda kuona sokwe. Huyu alikuja na mzigo wake wote aliokwenda nao New York, kofia, michoro, hatua zilizopimwa, akaufungua palepale mlimani bila kupunguza. Kama angetukatia kipande cha huzuni akaiita zawadi maalumu ya Rwanda, tungelia, na pengine tungesahau. Baada ya usiku ule alikaa mbali na majukwaa kwa miaka. Albamu iliyofuata, *Multitude*, ilitoka 2022, mimi nimekwisha rudi Bukoba.

Upande wa Shangazi, neno lake la mwisho juu ya mwimbaji lilikuwa kwamba mtoto yule hali vizuri na mama yake aangalie. Kisha akamwagiza mpwa wake amwekee nyimbo zile kwenye flashi, azipige jikoni. Kijana, kwa hasira za ubishi, akamwekea albamu nzima isipokuwa “Papaoutai”. Alidai aliusahau. Ikachukua siku mbili na nusu kilo ya nyama kumfanya aukumbuke, na kuanzia hapo hadi Desemba ukuta wa chumba changu ulikuwa unatetemeka tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri.