Deni kabla ya Diwali

Sisi wauza vitenge wa Sake, mashariki mwa Kongo, tuliijua kalenda ya Wahindu kabla ya kuliona hekalu lao. Ukikopa mzigo Kampala, ulipe kabla ya Diwali. Bosi wetu, mzee wa Kigujarati mwenye duka karibu na Soko la Nakasero, hakumfokea mtu mwaka mzima, ila Oktoba ikiingia salamu zake zilifupika. "Mama Kongo, daftari linafungwa."

Daftari lenyewe lilikuwa refu, jalada la kitambaa chekundu, uzi umepita katikati. Diwali ikifika alipeleka jipya hekaluni, likafunguliwa ukurasa wa kwanza mbele ya Lakshmi na Ganesha, likaombewa. Kuingiza humo deni la mwaka jana kulikuwa ni mkosi.

Niliingia hekaluni mara ya kwanza miaka ya 1990, nikimfuatia mzee na salio langu. Viatu mlangoni, udi, kengele. Nyuma kulikuwa na ukumbi, nikapakuliwa kwenye sahani ya chuma yenye vibakuli: wali, dengu, achari ya embe iliyonitoa machozi. Wazee walijaa, watoto hawakuwepo. Wengi waliondoka 1972, Amin alipowapa siku 90, wakarejea serikali ya Museveni ilipowarudishia majumba. Mezani walizungumzia kesi za nyumba kuliko miungu. Sikushangaa. Kwetu Mobutu alifanya yake Novemba 1973: maduka ya wageni yakagawiwa wakubwa, rafu zikabaki tupu.

Nyumbani, Mhindi ambaye watoto wetu walimjua ni askari wa Umoja wa Mataifa, wa kofia ya bluu. Novemba 2006, waasi wa Nkunda walipoingia Sake, ndio hao waliokuja na helikopta kuwazuia wasifike Goma. Niliposimulia kwamba wa Kampala wanakula bila nyama na wanaogopa vurugu kama sisi, walinicheka.

Na vurugu zilikuja. Aprili 2007 watu waliandamana kupinga sehemu ya msitu wa Mabira kupewa kampuni ya sukari ya Wahindi. Mhindi mmoja akauawa, hekalu likashambuliwa. Safari iliyofuata nilipekuliwa mkoba getini, na mlinzi akaniuliza nimetumwa na nani.

Kisha ukumbi ukabadilika sura. Wakaja vijana wa mkataba kutoka Gujarat, Punjab, hata Kerala: wahasibu, watunza stoo, baadaye na wake zao. Ubao wa matangazo, uliokuwa wa misiba na mawakili, ukajaa vyumba vya kupanga na masomo ya ngoma ya watoto. Kelele, kwa kweli, lakini chakula kilipata pilipili ya maana.

Mzee alipofariki, duka lilishikwa na mwanawe aliyekulia Leicester. Diwali yake ya kwanza alipeleka kompyuta ya mkononi. Ikapakwa unga mwekundu kwenye kifuniko, ikaombewa vilevile kama daftari.

Januari 2025 waasi wa M23 waliichukua Sake, na duka langu likabaki huko na mzigo wa mkopo ndani. Nilifika Kampala na begi moja. Kijana wa mzee hakutaja deni. Aliuliza nalala wapi, akapiga simu mbili, nikapata chumba kwa mmoja wa wale wa ubaoni. Nikaanza kuuza vitenge Katwe, kipande kwa kipande. Oktoba ilinikuta nimelipa nusu. Nusu iliyobaki aliihamishia kwenye faili jipya, jambo ambalo baba yake asingelifanya hata kwa mtutu wa bunduki.