Kosa la Ukurasa wa Saba



Wapenzi wanafunzi, na nyinyi wazazi ambao husomewa gazeti hili na watoto wenu jioni, mwaka huu tumeomba tupewe nafasi ya kueleza jambo ambalo baadhi yenu mnalijua, na wengine mmelisikia njiani likiwa tayari limetiwa chumvi. Katika toleo lililopita tuliharibu maneno ya marehemu. Tunataka kueleza tuliyaharibu vipi.

Mwanafunzi wetu mmoja wa kike wa darasa la tano alituletea insha kuhusu bibi yake, aliyemfundisha Alif na Ba kabla hajaletwa madrasa. Aliiandika kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko mzuri. Bibi huyo alikuwa mtu wa zamani, wa vijiji vya kati ya hapa kwetu Maramba na bahari, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee, kinachopakana na Kidigo. Mjukuu aliandika kwamba siku ya mwisho, baada ya Alasiri, bibi aliomba ageuzwe aelekee mlangoni, kisha akasema: "Mgeni yuaja, tandikeni jamvi." Walidhani anamsubiri mwanawe, aliyekuwa njiani akitoka Tanga mjini. Wakatandika jamvi. Basi lilifika baada ya Magharibi na bibi alikuwa ameshatangulia. Mpaka leo nyumbani kwao hawajakubaliana mgeni yule alikuwa nani.

Gazeti lilipotoka, ukurasa wa saba ulisomeka: "Mgeni yajua, tandikeni jamvi."

Mtoto alikuja barazani na gazeti mkononi, akatuamkia, akalifungua. "Maalim, bibi hakusema hivi," alisema. Kisha akaongeza kuwa mama yake amemtuma aulize tu, wala hajakasirika. Nanyi mnajua, mama wa kwetu akimtuma mtoto aseme kwamba yeye hajakasirika, ni heri angekuja mwenyewe akagomba. Tuliangalia daftari: lilisema yuaja. Tuliangalia gazeti: yajua. Hatukuwa na la kumjibu siku ile, tukamwambia arudi Jumamosi.

Mambo yalikuwa hivi. Gazeti hili huchapwa kwenye kompyuta ndogo ya mkononi ambayo madrasa ilipewa na mfadhili. Tunachapa usiku, baada ya Isha, kwa kuwa mchana tunafundisha, na wengine wetu tuna mashamba. Ndani ya kompyuta ile mna programu ya kusahihisha maandishi. Neno ambalo haikulizoea huliwekea mstari mwekundu chini yake, na ukiligusa neno hilo hukupa mengine ya kuchagua. Zamani tulipokuwa hatujaielewa, tuliiacha imewekwa kwa Kiingereza, basi ukurasa mzima ulikuwa mwekundu kama uliotafuniwa tambuu. Maneno machache tu yalipona: wake, lake, pale, mate, pole, kale. Tulishangaa kwa nini haya yameachwa, mpaka kijana mmoja anayesoma sekondari akatuambia kuwa kwa Kiingereza nayo ni maneno, ingawa yana maana nyingine kabisa. Yaani hata pale ilipotuona tumepatia, ilikuwa haijatuelewa.

Baadaye tukawekewa ya Kiswahili, nayo, tuseme haki, imetusaidia sana. Jicho la mwalimu saa nne ya usiku halioni. Herufi zilizorukwa, neno lililochapwa mara mbili, "mwanafuzni" na "Ramahdani", vyote hivyo mashine huviona wakati sisi tunapiga miayo. Toleo la miaka minne iliyopita, ambalo halikupitishwa kwenye programu yoyote, lina makosa ya chapa ambayo tunaona haya kuyahesabu. Kwa hiyo asije mtu akasoma makala haya kisha akasema walimu wa Maramba wameikataza kompyuta.

Ila usiku ule tulikuwa tumeshachoka, na mistari myekundu ilikuwa mingi. Jina la mji wetu, Maramba, mashine ilitaka liwe marimba. Tukacheka, tukaruka. Ikaja yuaja, ikapendekeza yajua. Neno lilitokea mara tatu katika insha ile. Hatukulifikiria. Tukabonyeza pale penye amri ya kubadilisha popote neno lilipo, tukaendelea na ukurasa wa nane.

Tangu siku hiyo tumejitahidi kuuliza na kusoma, tukitaka kujua mashine hii hujua nini na haijui nini. Kiingereza ni lugha ambayo neno lake la kitendo lina sura chache. Kitendo chao cha kuandika kina maumbo matano tu, nayo yote unaweza kuyaweka katika orodha. Sisi je? Chukua "hawakutuandikia". Ndani yake mna ukanushi, mna watendaji, mna wakati uliopita, mna sisi tuliotendewa, mna shina lenyewe, na mna ile -i- ya kumfanyia mtu jambo. Badilisha kimoja tu, neno linakuwa jingine. Shina moja la Kiswahili huzaa maneno kwa maelfu, na hakuna karani atakayekaa ayaandike yote. Ndiyo sababu Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alipoanza mwaka 1985 kazi ambayo baadaye iliitwa SALAMA, hakutegemea orodha ya maneno peke yake. Aliifundisha kompyuta kanuni za kulikata neno vipande, kama sisi tunavyowafundisha sarufu ya Kiarabu: ondoa viambishi, tafuta asili. Wengine walifuata njia nyingine. Jason Githeko wa Kenya alitengeneza orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya programu za bure, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wao wa Sweden walitoa programu ya kuandikia iliyosema Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hawa wote wametufanyia wema, na wengi wetu tunautumia wema wao bila kujua umetoka wapi.

Lakini mashine inayotazama neno mojamoja ina upofu wake. Andika "Kitabu yangu imepotea." Hakuna mstari mwekundu hata mmoja, kwa kuwa kitabu ni neno, yangu ni neno, na imepotea ni neno. Na kosa hili ndilo tunalolikuta kila wiki katika madaftari yenu! Mwaka juzi kijana mmoja wa darasa la sita aliandika kuwa ni wajibu wa mume kumpa mkewe mahali. Alikusudia mahari. Mashine ilinyamaza kwa sababu mahali pia ni neno. (Na ukitazama kifiqhi hakukosea sana, maana makazi nayo ni haki ya mke, lakini somo la siku ile lilikuwa mahari.) Mwingine alihimiza tuwe na zana nzuri kwa Mwenyezi Mungu, badala ya dhana nzuri. Zana ni majembe na misumari. Hapo aliyeona alikuwa mwalimu, tena aliona kwa kuwa alijua mtoto alitaka kusema nini.

Na kuna upofu wa pili, ambao ndio uliotuangusha sisi. Mashine haikuyabuni yenyewe yale inayoyaita makosa. Imepewa. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, ilikubaliwa kwamba Kiswahili cha kuandikia vitabu na kufundishia shuleni kitokane na Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuyasimamia hayo, na kamusi zilizokuja baadaye, pamoja na ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimesimama juu ya msingi huo. Hatulalamiki. Bila usanifu, mtoto wa Maramba na mtoto wa Kigoma wasingesoma kitabu kimoja. Ila Kimtang'ata cha pwani yetu ya Tanga, Kimvita cha wenzetu wa Mombasa, na maneno ya bibi zetu ambao nyumbani husema Kidigo au Kisambaa, mengi yalibaki nje ya mlango. Yuaja si kosa. Ni "anakuja", kwa umbo la zamani ambalo wazee wa pwani hii wamelitumia tangu enzi, na sisi wenyewe tuliamshwa nalo utotoni: "Amka, maalim yuaja!" Mashine haikuwa na bibi. Sisi tulikuwa naye, na tukabonyeza.

Katika masomo ya diploma tulipita kwenye elimu ya Hadithi, na humo mna mlango mzima juu ya namna ya kunakili maandishi. Tulifanyia mtihani, tukafaulu, tukausahau. Jumamosi ile, kabla mtoto hajarudi, tuliufungua tena. Wanazuoni kama Qadhi Iyadh, aliyefariki mwaka 544 Hijria, na Ibnus-Salah, aliyefariki mwaka 643, wameeleza kwamba mwanafunzi akishanakili kitabu hulinganisha nakala yake na asili ya mwalimu, na kazi hiyo huitwa muqabala. Kisha wakaeleza afanye nini akikuta neno ambalo limepokewa hivyo kweli, ila yeye analiona lina kasoro. Halifuti. Huliwekea juu yake alama ndogo, mfano wa kichwa cha herufi swad kilichovutwa, isiyoligusa neno lenyewe ili mtu asidhani limekatwa. Asili hubakia kama ilivyopokewa, na maoni yake huyaandika pembeni. Huenda akaja mwingine anayejua zaidi, akaona kwamba lile neno lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Tulipofika hapo tulikitazama kile kitabu, tukaitazama kompyuta. Mstari mwekundu nao hauligusi neno. Umewekwa chini yake, unauliza tu. Aliyejibu kwa haraka ni sisi.

Mtatuambia kuwa hayo ni mambo ya programu za zamani, na kwamba siku hizi kuna akili mnemba kwenye simu, ambayo husoma sentensi nzima. Ni kweli, na tumeijaribu. Ukiipa "kitabu yangu imepotea" hukurudishia "kitabu changu kimepotea", na hukueleza na ngeli yake. Kwa jambo hilo inafaa, na mwanafunzi anayeitumia kujifunza, akasoma maelezo na kufunga simu, hatumlaumu. Lakini tuliipa ile insha tukaiambia irekebishe makosa tu. Ilirudisha insha safi isiyo na doa. Bibi alikuwa "anakuja" na "amefariki dunia", jamvi limekuwa mkeka, na pale mtoto alipoandika kwamba alikaa jikoni kwa sababu hakutaka kuona, sasa "alijawa na huzuni kubwa". Kila sentensi ilikuwa sahihi. Ungeweza kuisoma redioni. Hakuna hata mmoja katika nyumba ile ambaye angejua kuwa imeandikwa juu ya bibi yao.

Na hili tunawaambia hasa nyinyi mnaoleta insha za gazeti: tunazijua zile zilizoandikwa na simu. Mwaka huu tumepokea tatu zenye mwanzo unaofanana, na waandishi wake hata madarasa hawasomi pamoja. Tumezirudisha, na hatukumpiga mtu wala kumtangaza. Mmoja ameshaleta ya pili, kwa mkono wake, ina makosa kumi na tisa, nayo imo humu ndani baada ya kusahihishwa pamoja naye neno kwa neno.

Kuhusu kazi yetu wenyewe, tumebadili utaratibu. Mashine bado huanza, kwa sababu macho yake hayachoki. Lakini amri ya kubadilisha popote tumeiacha kabisa. Neno lenye mstari hurudishwa kwenye daftari kwanza, na likiwa limo daftarini tunamwita mwandishi tumuulize. Baada ya hapo watu wawili hukaa, mmoja akisoma daftari kwa sauti na mwingine akifuata kwenye karatasi iliyochapwa. Inachukua muda. Toleo hili limechelewa majuma matatu, na lawama zote mmeshatupa, tunazipokea.

Jumamosi ile mtoto alirudi, na mama yake akaja naye. Tulimuomba radhi mama mbele ya binti yake, maana kosa tulilifanya mbele za watu. Alisema limekwisha. Kisha akatuuliza kama yale magazeti yaliyobaki kabatini yanaweza kurekebishwa kwa kalamu. Yalikuwa arubaini na moja. Tulikaa naye barazani, sisi na binti yake, tukayapitia yote, na yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba neno lilikuwa limeharibika mara tatu katika kila gazeti, kwani sisi tulikuwa tunarekebisha mara moja tu na kulifunga.

Insha yenyewe tumeichapa upya, ukurasa wa tatu. Alipoletewa karatasi ya mwisho aihakiki, mwandishi wake aliisoma kwa kidole, polepole, mpaka mlangoni kwa bibi. Hapo akasimama, akasoma tena, akaturudishia karatasi, akaenda kucheza.