Njuga Hazikai na Viatu

Nyumbani kwetu ni Gahanga, wilaya ya Kicukiro, kando ya barabara itokayo Kigali mjini na kuteremka hadi mto Nyabarongo kuelekea Nyamata. Wageni wengi wanaijua Gahanga kwa uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017. Jengo lake lina mapaa matatu ya vigae vya udongo, na ukiyatazama kwa mbali yanafuata njia ya mpira unaodunda. Nilipokuwa sekondari nilipita hapo kila siku. Mchezo wenyewe sikuuelewa. Nilichokuwa nakiona ni magari yakija Jumamosi yamejaa Wahindi, na jioni yakiondoka nao. Hatukuwahi hata kusalimiana.

Nilikuja kuwafahamu kwa sababu ya zoezi la darasani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka tukusanye maneno ya mkopo yenye asili ya Bara Hindi, kisha tumtafute mtu anayejua lugha yalikotoka. Nikamfuata msichana mmoja wa mwaka wa kwanza anayesomea biashara. Amezaliwa Mwanza, babu zake walitoka Gujarati, na Kiswahili chake hunifanya mimi ninayekisomea nione haya kufungua mdomo. Nilimsomea orodha yangu: gari, laki, bima, chapati. Akacheka.

"Dada, mmechukua maneno ya dukani na jikoni tu," alisema. "Ya ngomani mmeyaacha."

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuandaa maonyesho ya ngoma na muziki wa Asia ya Kusini chuoni kwetu.

Kamati ilikuwa na watu sita: huyo wa Mwanza, Singasinga mmoja wa Punjab anayesomea uhandisi, ambaye sote tulimwita kaka kwa kuwa alituzidi umri, msichana wa Kitamil kutoka Chennai, kijana wa Mombasa, mweka hazina, Mnyarwanda mwenzangu, na mimi, katibu. Chuo kilitupa ukumbi bure. Spika na vipaza sauti tulikodi kwa michango yetu wenyewe.

Kila mmoja alikuja na chake. Kaka alitaka bangra, ngoma ya mavuno ya kwao. Msichana wa Chennai angecheza baratanatiamu, aliyoanza kujifunza akiwa na miaka sita. Yule wa Mwanza angecheza kathaki, ambayo miguu yake ndiyo inayosimulia. Kijana wa Mombasa alitueleza kuwa taarabu ya kwao, hasa ya Juma Bhalo, imeazima sana mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi, akaomba aimbe. Mimi nilipewa kazi ya kuwa mshereheshaji, na nikaahidi kuifanya kwa Kiswahili.

Katika kikao cha pili tulipanga tarehe. Ilikuwa Februari 2024. Kaka alipendekeza Jumamosi ya tarehe 13 Aprili, siku ya Baisakhi. Alieleza kwa furaha kwamba kwao ni sikukuu ya mavuno, na kwa Masingasinga ni siku inayokumbusha kuasisiwa kwa Khalsa mwaka 1699. Bangra siku hiyo, alisema, isingekuwa maonyesho tu, ingekuwa sikukuu yenyewe. Watu walipiga makofi.

Mimi na mweka hazina tulitazamana. Kila Mnyarwanda anajua tarehe 13 Aprili ni siku gani. Ni siku ya mwisho ya wiki ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na mwaka ule ilikuwa inatimia miaka 30. Katika wiki hiyo nyumbani kwetu redio haipigi muziki. Mama husema kidogo na hula kidogo. Ndugu zake waliishi ng'ambo ya Nyabarongo.

Nikashika kalamu, nikaandika kwenye muhtasari: "Tarehe imekubaliwa: 13 Aprili."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliandika vile. Sehemu moja ilikuwa adabu: ni wageni, wamefurahi, nani azime kicheko chao? Sehemu nyingine ilikuwa hasira, na hii ndiyo naona haya kuikiri. Nilitaka wajue bila kuambiwa. Niliona kwamba mtu anayeishi nchini kwetu na asijue siku hiyo hastahili kuelezwa. Wanyarwanda tuna methali isemayo kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kwenda tumboni. Siyo ya wanaume peke yao.

Mazoezi yakaanza uani kwetu Gahanga, kwa kuwa ukumbi wa chuo siku za kazi huwa na vipindi. Kwa ajili ya dandia, mchezo wa Kigujarati wa kugonganisha vijiti, tulihitaji vijiti arobaini. Tulimwendea fundi seremala wa karibu na soko. Alituuliza tutapiga ngoma ngapi. Tulipomwambia kwamba vijiti vitapigana vyenyewe kwa vyenyewe, alitutazama kwa muda, kisha akasema basi atachagua mkaratusi uliokauka vizuri, usije ukapasuka na kumtoa mtu jicho.

Jioni moja mvua ilitushtua. Tulikimbiza vitu ndani ovyo ovyo. Nilizikuta njuga za yule wa Mwanza juu ya mkeka, nyuzi mbili nzito zilizofumwa vikengele vidogo vya shaba, zaidi ya mia kwa kila mguu. Nikazitia kwenye mfuko uliokuwa karibu, pamoja na raba zetu zenye matope, nikajiona nimemsaidia. Alipofungua mfuko hakusema neno. Alizitoa, akazifuta kwa mtandio wake, akaaga. Mazoezi yaliyofuata hakuja. Yaliyofuata tena hakuja. Nilimpigia simu, akasema ana mitihani. Nilijua hana.

Wiki ile ile mweka hazina alinitumia rasimu ya bango. Nilikuwa nikiitazama kwenye simu jikoni, mama akapita nyuma yangu. Akasimama.

"Hiyo ndiyo tarehe yenu?"

"Ndiyo, mama."

"Umewaambia ni siku gani?"

"Hapana."

Nilitegemea akasirike nao. Akaendelea kumenya ndizi. "Basi kosa si lao," alisema.

Kesho yake niliitisha kikao. Niliongea kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kinyarwanda nisingemaliza bila kulia, na kwa Kiingereza ningesikika kama mtu anayesoma tangazo. Yule wa Mwanza, aliyekuja baada ya kubembelezwa, aliwatafsiria wenzake. Nilieleza wiki ile ni ya nini. Nilieleza habari za ng'ambo ya mto, kwa sentensi tatu tu. Nikamaliza kwa kusema kwamba nililijua hili tangu siku ya kwanza na nikaliandika kwenye muhtasari kwa mkono wangu.

Kaka alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Kwa hiyo mngeniacha nicheze?"

Sikuwa na jibu. Mweka hazina naye aliinamisha kichwa. Kaka hakuudhika kwa kupoteza Baisakhi yake. Kilichomuuma ni kwamba tulikuwa tayari kumwacha apande jukwaani, afurahi mbele ya watu walioumia, kisha tumlaumu kimoyomoyo. Sisi tuliita hiyo heshima.

Ndipo yule wa Mwanza akasema, akitazama mikono yake: "Na mimi nina langu." Akatueleza kwamba njuga zile ni za aliyemfundisha kucheza. Kabla ya kuzifunga, mchezaji huzigusisha machoni au kwenye paji la uso, kwa kuwa kwake ni kitu cha kuheshimiwa. Haziwekwi chini ya miguu mpaka zifungwe, na hazikai na viatu. "Nilifikiri umenidharau, dada. Halafu nikafikiri, atajuaje? Lakini sikutaka kuwa mtu wa kulalamika kwenye nyumba ya watu."

Nilimwomba radhi. Akasema na yeye alikosea kunyamaza. Tukacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Tulichagua tarehe mpya: Jumamosi ya tarehe 23 Machi, siku mbili kabla ya Holi. Uamuzi huo haukuwa bure. Tulipoteza wiki tatu za mazoezi. Msichana wa Chennai alisema waziwazi kwamba baratanatiamu yake haitakuwa tayari, na kwamba hawezi kuicheza nusu nusu. Tuliondoa jina lake kwenye ratiba. Alikubali, ila niliona jinsi alivyolikunja gauni lake la hariri na kulirudisha kwenye sanduku. Safari hii tuliuliza pia, kabla ya kuchapisha chochote, kama kuna mwenye neno. Kijana wa Mombasa akanyoosha mkono: itakuwa Ramadhani, naye hawezi kuimba jua likizama huku futari inamsubiri. Tukapanga kuanza saa nane mchana na kumaliza saa kumi na moja.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa kuliko tulivyotarajia. Kijana wa Mombasa aliimba akiwa amefunga, koo limekauka, na bado alishangiliwa. Katikati ya ratiba tulikuwa tumewaalika vijana wa kikundi cha intore cha chuo, nao waliingia wamefunga amayugi miguuni. Walipotoka, akaingia yule wa Mwanza. Alizigusisha njuga zake kwenye paji la uso, akainama, akazifunga polepole mbele ya watu wote. Kabla hajaanza, mimi nilipaswa kusema maneno mawili.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kuhusu maneno ya mkopo. Niliiacha mfukoni. Nilisema tu kwamba vilivyolia miguuni mwa intore huitwa amayugi. Kwamba hivi alivyovaa mwenzetu Wahindi huviita gunguru. Na kwamba Kiswahili kina neno moja linalotosha kwa vyote viwili: njuga. Nikaongeza kwamba neno hilo moja lisitudanganye tukadhani ni kitu kimoja, kwa sababu kila njuga ina masharti yake, na masharti hayajulikani kwa kutazama. Huulizwa, au husemwa.

Kisha akacheza. Kathaki ile ilikuwa katika mzunguko wa mapigo kumi na sita. Alituhesabia kwanza kwa mdomo, kisha miguu ikarudia kila alichosema. Mzee wa kikundi cha intore, aliyekaa safu ya mbele, alianza kuhesabu kwa vidole. Mwishoni tuligawa vijiti vya mkaratusi, na watu wote wakasimama kucheza dandia, wengi wakikosea. Fundi seremala alikuwepo. Hakuna kijiti kilichopasuka. Mama alisimama mlangoni na kijiti kimoja mkononi. Hakucheza, ila hakukirudisha.

Tarehe 13 Aprili kaka na yule wa Mwanza walikuja nyumbani. Hatukuwa tumewaalika. Walikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, wakapiga hodi, wakaketi na mama. Mama aliwapa chai. Muziki haukupigwa. Kaka hakutaja Baisakhi. Ni mama aliyemuuliza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kwao siku hiyo hufanya nini. Akamsimulia habari za ngano. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha naye akamsimulia habari za kaka yake mkubwa, ambazo mimi mwenyewe nilizisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Zamani nilidhani methali hiyo inahusu zawadi anazoleta mgeni.