Gari Tupu kwenye Barabara ya Mbulula

Kwa muda wa miezi mitatu tulimwita mzee mmoja mlevi, naye hakuwa mlevi. Tulilisema jambo hilo mbele ya watu. Kwa hiyo twaona inafaa kulisahihisha mbele ya watu.

Gari la kikundi chetu ni Toyota Land Cruiser ya zamani, HZJ75, lenye ekseli nzima mbele na nyuma na springi za mabamba kwenye magurudumu yote manne. Kazi yake hapa Kongolo haibadiliki: asubuhi huenda Mbulula tupu, jioni hurudi na magunia ya mahindi na karanga ya akina mama mpaka kwenye kituo cha reli. Mzee aliyeliendesha alishika usukani kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kisha gari likaanza kutangatanga. Halikuvuta upande mmoja, kama gari ambalo gurudumu lake moja limepungukiwa na upepo. Lilikwenda kushoto, likarudishwa, likapita katikati na kuelekea kulia, likarudishwa tena. Asubuhi moja, kwenye sehemu iliyonyooka kabisa, lilimkaribia mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa. Mtu yule akarukia mtaroni. Yeye alipona, gurudumu la nyuma la baiskeli yake lilikunjika.

Jioni hiyo tukafanya kikao. Mzee alisema neno moja tu: “Wanangu, likiwa na mzigo hunisikia, likiwa tupu hunikataa.” Tulicheka. Mmoja wetu akataja lutuku, na hakuna aliyemkanyaga mguu anyamaze. Mzee akaweka ufunguo mezani, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Tulimpa ufunguo kijana mwenye macho makali na mikono yenye nguvu. Wiki ya pili akarudi anatetemeka: gari lilimfanyia yaleyale. Hapo ndipo tulipoanza kulichunguza gari, na ni vema tukiri kwamba tulianza vibaya. Juu ya sanduku la usukani kuna skrubu ya kupunguza uchezaji wa meno ya ndani. Tuliikaza. Usukani ukawa mgumu, na baada ya kona haukurudi wenyewe katikati. Sasa gari lilitangatanga na kumchosha dereva pia. Meno ya sanduku hilo huchakaa zaidi katikati, mahali yanapofanya kazi siku zote; ukikaza mpaka katikati papate kubana, pembeni patabana kupita kiasi. Tukairudisha skrubu mahali pake. Mwingine akashauri tununue amortisa mpya ya usukani. Tukanunua, fedha zikaenda. Amortisa ile hutuliza mtetemo wa magurudumu. Gari lililopoteza mwelekeo haliponyi.

Fundi mmoja wa hapa mjini akatufundisha kufuata utaratibu. Kwanza upepo wa matairi yote manne, upimwe asubuhi yakiwa baridi. Kisha kriki: gurudumu la mbele likiinuliwa, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Uchezaji ukikoma, kosa ni la rulema za gurudumu (beringi, kama wasemavyo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa). Ukiendelea, tazama rulema mbili ndogo, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu hugeukia pale mwisho wa ekseli. Zetu hazikucheza. Baada ya hapo gari literemshwe lisimame kwa uzito wake, mmoja autikise usukani kidogo kushoto na kulia, mwingine alale chini na kushika kila rotula ya vyuma vya usukani, moja baada ya moja. Vidole hutambua uchezaji kabla ya macho. Tulipata rotula moja iliyolegea, tukaibadilisha. Tukakaza boliti za sanduku zinazolishikamanisha na chasi. Tukatazama macho ya springi na mipira yake.

Gari lilipata nafuu kidogo, lakini halikupona.

Ndipo fundi akauliza swali ambalo hakuna mtu katika kikao chetu aliyeliuliza: “Hufanya hivyo lini?” Kijana wetu akajibu bila kufikiri kwamba ni asubuhi, wakati wa kwenda. Na jioni? Jioni huwa nafuu. Tukatazamana.

Itazameni baiskeli. Uma unaoshika gurudumu la mbele haukusimama wima. Kichwa chake kimelala nyuma, kumwelekea mpandaji. Mlalo huo ni mojawapo ya sababu zinazolifanya gurudumu lipende kunyooka lenyewe baiskeli ikienda, hata kijana mtundu akathubutu kuachia mikono. Magurudumu ya mbele ya gari nayo hugeukia kwenye mhimili uliolala nyuma kidogo, nyuzi chache tu. Ukiinua mkia wa gari, mwili wote huinama mbele, na mlalo ule hupungua. Kati ya ekseli mbili za gari letu kuna karibu mita 3. Kuuinua mkia sentimeta 5 tu hupunguza mlalo kwa takriban nyuzi 1, na nyuzi zenyewe tangu mwanzo hazikuwa nyingi.

Nani aliuinua mkia? Ni sisi. Mwanzoni mwa msimu wa mahindi tuliomba tuongezewe mabamba mawili kila upande kwenye springi za nyuma, ili gari libebe magunia zaidi. Springi za mbele, zilizochoka kwa miaka mingi, zilikuwa zimelala. Gari likiwa tupu lilisimama kama mbuzi anayekunywa maji mtoni. Magunia yakipakiwa, mkia ulishuka, mlalo ukarudi, nalo likamsikia dereva. Mzee alikuwa ametupa jibu zima kwa sentensi moja.

Tuliondoa mabamba yale. Fedha za springi mpya za mbele hatukuwa nazo, kwa hiyo fundi alitia kabari nyembamba za chuma kati ya springi na ekseli ili kurudisha sehemu ya mlalo. Asubuhi iliyofuata gari lilikwenda Mbulula tupu, nalo likashika njia.

Kwa mzee tulikwenda watu saba, kwa miguu. “Baba, tumekuja kuomba radhi.” Alituacha tuseme yote, hata neno lile la lutuku, ambalo mwenye kulisema alilisema mwenyewe. Hakutujibu kuhusu hilo. Alitaka kuliona gari. Alipofika alichutama, akapima kwa kiganja nafasi kati ya tairi la nyuma na bodi, kisha la mbele, akatikisa kichwa polepole. Ufunguo tulimpa, aliushika kitambo bila kuutia mfukoni.

“Sasa litabeba magunia machache,” alisema. “Akina mama mmekwisha kuwaambia?”

Hatukuwa tumewaambia.