Shingo ya Mdogo Wangu

Kamba niliifunga mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisimulia habari hizi husema "alifungwa", kana kwamba kamba ilitembea yenyewe. Mdogo wangu alikuwa na miaka 21, dereva wa bodaboda hapa kwetu Liwale. Wiki tuliyokuwa tukipuliza salfa kwenye mikorosho aliacha kulala. Akasema kuna watu wawili wanamsengenya ndani ya injini. Siku aliposhika panga kwenda kuwatafuta, nilimfunga mguu kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, kwa kamba ya katani na fundo lile la kufungia mbuzi. Kovu analo mpaka leo.

Kombe alinyweshwa. Majini yakapungwa siku tatu, ngoma na ubani, na mbuzi wawili wakaenda. Siwabezi waliotusaidia. Walikuja walipoitwa, tena kwa miguu. Kule zahanati tuliambiwa ukweli: "Dada, hili si la hapa. Mpelekeni mbele." Mbele wapi? Jina tulilolijua ni Mirembe, Dodoma, na kwetu jina hilo hutukaniwa watu kuliko linavyotajwa kama hospitali.

Tulisubiri hela ya korosho. Novemba tukapanda basi hadi Nachingwea, tukabadili gari, jioni tukafika hospitali moja kubwa. Kesho yake foleni ilikuwa mpaka nje. Kwa daktari tulikaa dakika tano hivi, tukatoka na haloperidoli za mwezi mmoja na karatasi ya tarehe ya kurudi. Tuliporudi nyumbani alilala usiku kucha. Nililia kwa furaha.

Siku ya tatu shingo ikageuka. Ilijikunja kuelekea bega la kushoto ikagoma kurudi, macho yakatazama juu, ulimi ukatoka, mate yakimchuruzika kifuani. Bibi akasema majini yamekasirika. Mimi, msomi wa kidato cha nne, nikazimwaga zile dawa chooni kwa mkono wangu. Kesho yake shingo ikanyooka, nikajiona nimemwokoa. Hazikupita wiki tatu, wale watu wa kwenye injini wakarudi, na kamba nayo ikarudi. Tarehe ya kliniki ilipofika, mvua ilikuwa imeshaikata barabara.

Aliyetutoa huko ni muuguzi, na habari zake nilizipata msibani. Tukiwa tunamenya viazi, mama mmoja ninayemfahamu tangu utoto aliniinamia sikioni: mwanawe huchomwa sindano kila mwezi, huu mwaka wa nne, wilaya ya jirani, kliniki ni Alhamisi. Miaka minne! Nyumba zetu zinatazamana.

Alhamisi tulimpeleka huko, na muuguzi wa kliniki hiyo alisikiliza kwanza. Kisha, kabla sijafika kwenye habari ya shingo, akauliza mwenyewe: "Dawa ile ilimkaza shingo?" Nilishtuka kama niliyefumaniwa. Akaeleza kwamba huwatokea sana vijana wa kiume siku za mwanzo, na kwamba kuna kidonge cha kuituliza, Artane. Akakiweka kiganjani mwangu nikione. Kidogo tu. "Hamkuambiwa?" Hatukuambiwa. Kijana alikuwa amekaa miezi saba mtini.

Nyuma ya kadi aliandika namba yake ya simu. "Likitokea lolote, dada, nibipu, nitapiga." Mwezi wa kwanza nilimbipu mara nne, moja ikiwa saa tano usiku, na mara zote nne alipiga.

Sasa naye huchomwa sindano, ila sisemi amepona. Mikono hutetemeka, pikipiki tuliiuza, na siku nyingine hulala mpaka adhuhuri. Matibabu ya akili yamo kwenye msamaha wa malipo, ila hakuna msamaha wa nauli, na sindano ikikosekana hospitali tunainunua duka la dawa. Lakini salfa ya mwaka huu tumepuliza wote wawili, yeye akibeba mashine.

Ukipewa dawa hizi kwa ajili ya ndugu yako, usinyanyuke kitini kabla hujauliza siku za mwanzo zitamfanya nini, na likitokea umpigie nani. Na wewe ambaye mwanao anachomwa sindano kimyakimya, jirani yako ana mgonjwa ndani. Tafadhali, usingoje msiba ndipo umnong'oneze.