Ubao wa Mninga

Ubao wenyewe ulikuwa wa mninga, unene wake kiasi cha vidole vitatu visivyotimia, umekwisha kukatwa umbo la gitaa na kuchimbwa nafasi za vinasa sauti, lakini haujapakwa kitu. Mdogo wangu aliuacha hivyo juu ya kabati alipofariki. Miaka mingi alipiga magitaa ya umeme ya watu katika bendi za dansi; hili alitaka liwe lake, la mti wa kwetu, lisilotiwa rangi, ili mninga uonekane ulivyoumbwa. Juu ya uso wake alikuwa amechora kwa penseli mstari wa katikati na vipimo vya milimita, na kando ya vipimo, kwa ule mwandiko wake uliolala kushoto, maneno machache ya kujikumbusha. Mahali pamoja aliandika: “Hapa usizidishe.”

Binti yake ndiye aliyerithi vidole vyake. Alinijia jioni moja, ubao umefungwa ndani ya kanga.

“Ami, shikamoo. Shingo na nyaya nimeshapata. Umebaki ubao tu. Wewe una nafasi.”

Kwa jamaa zangu, mtu anayetunga mashairi na kufasiri vitabu ni mtu mwenye nafasi. Nikaupokea.

Kwanza nilimwendea mpiga rangi za magari. Wazo hilo si la kipuuzi kama linavyosikika: kiwanda cha Fender huko California, tangu miaka ya 1950, kilipaka magitaa yake rangi za magari za DuPont, na vijana wa wakati ule walichagua gitaa kwa rangi kama baba zao walivyochagua gari. Lakini bei niliyotajiwa ilishinda ujira wa tafsiri yangu ya mwisho, na isitoshe, marehemu hakutaka gamba. Nikarudi nyumbani na ubao wangu kwapani.

Jambo moja lilinifariji. Katika udi au gitaa la kawaida, uso wa mti ndio unaoimba, na rangi nzito huuziba koo. Gitaa la umeme si hivyo. Sauti yake hunaswa na sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi; ubao kazi yake kubwa ni kushikilia. Anayeupaka hana haja ya kuogopa kuharibu sauti. Anataka kuukinga tu na jasho, uchafu na unyevunyevu, na kwa hayo hahitaji kitu cha ghali.

Kwa fikira hiyo nikafanya kosa. Nilichukua mafuta ya nazi jikoni, nikausugua ubao pande zote. Laiti ungeuona usiku ule! Ile hudhurungi iliyofifia iliwaka ikawa kama asali, na mistari myeusi ya mti ikajitokeza kama maandishi yaliyokuwa yakingoja taa. Nikalala nikiwa na furaha ya mtu aliyepata kina chepesi. Baada ya wiki, ubao ulikuwa bado unanata na umeshika vumbi. Baada ya mwezi ulianza kunuka.

Fundi samani wa mtaani kwetu aliunusa, akanitazama.

“Mzee, huu hukuupaka. Umeukaanga.”

Kumbe mafuta hayawi sawa. Yako yanayokauka, kama ya mbegu za kitani, ambayo seremala wengi huyaita linsidi: haya hayakauki kwa kupotea hewani kama maji, bali huivuta hewa yakashikamana na kugeuka utando. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo. Huganda kwa baridi tu, na kisiwani kwetu baridi ya kuyagandisha iko wapi? Yamekaa ndani ya mti yakiwa mafuta, na mwisho wake ni kuchacha.

Dawa ilikuwa kuufuta ubao kwa thina, tena na tena, kisha kuupiga msasa: namba 120, halafu 180, halafu 240, daima kwa kufuata nyuzi za mti. Fundi alikwisha kuukunja msasa alipoyaona yale maandishi.

“Ya nani haya?”

“Ya marehemu.”

Akaniwekea msasa mkononi. “Basi futa wewe.”

Niliyanakili kwanza kwenye karatasi, vipimo na maneno, kila kitu mahali pake. Kisha nikafuta. Lau nisingeupaka yale mafuta, msasa mwepesi mno ungetosha, na penseli ingebaki chini ya vanishi angavu muda wote wa uhai wa gitaa. Mninga una vumbi la rangi ya kahawa, hukaba koo, ikabidi nijifunge kitambaa puani. Kazi ilichukua alasiri mbili. Mstari wa katikati ulikuwa wa mwisho kutoka.

Ndipo likaja swali la nini cha kupaka, na hapo mfasiri ndani yangu akaingilia kati, kwa sababu neno la kwanza lililonijia lilikuwa sandarusi. Niliwahi kukutana nalo nikifasiri habari za wasafiri wa karne ya 19, na kamusi za kigeni zikanipoteza: sandarusi ya vitabu vyao ni utomvu wa mti wa Moroko, na yetu ni ya msandarusi, mti mwingine kabisa. Iliyo bora ilichimbwa ardhini huko Mrima, pale palipokuwa na misitu iliyokwisha kutoweka. Iliyotoka mtini ingali changa iliitwa chakazi, na Waingereza, kwa kutoweza kulitamka, wakaligeuza kuwa jina la punda dume. Baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, merikebu za Salem zilituletea nguo, ndiyo marikani mpaka leo, zikaondoka na sandarusi na pembe. Kule ikawa vanishi ya magari ya farasi na ya samani. Kwa hiyo nilipokuwa dukani natafuta kopo la vanishi lililoandikwa kwa lugha za mbali, nilikuwa natafuta kilichowahi kutoka hapa. Lakini sandarusi haitaki mchezo: ile ya kuchimbwa huyeyushwa kwa moto unaopindukia nyuzi 300 ndipo ikubali kuchanganyika na mafuta, na si moto wa kuwashwa uani.

Linsidi ilikuwa rahisi, na kwa ubao safi ningeichagua. Fundi alikataa. Alisema mafuta juu ya mabaki ya mafuta ni kujitafutia mashaka, na akanionya juu ya jingine: vitambaa vilivyolowa linsidi vikikunjwa na kutupwa pembeni hujitia joto vyenyewe mpaka vikawaka. Huanikwa wazi nje, au hulowekwa majini. Nalisema hapa kwa sababu kopo langu halikulisema kwa herufi za kusomeka.

Tukaafikiana shelaki, utomvu wa mdudu wa Bara Hindi, jamaa wa ile lakiri iliyofungia barua za wazee. Huziba mafuta yaliyosalia yasipande juu. Gramu 120 za magamba yake kwa lita moja ya spiriti, zilale usiku kucha, zichujwe. Unafunga pamba ndani ya kitambaa kikuukuu kisichotoa manyoya, unachovya kidogo, unapita mara moja, husiti wala hurudi nyuma. Kwa dakika chache imekauka.

Nilianza siku ya masika, kwa pupa. Uso ukafanya ukungu mweupe, maana unyevu wa hewa umenaswa humo. Nikangoja siku ya jua, nikapitisha spiriti nyepesi, ukungu ukaondoka. Mipako minane niliyopaka baadaye ilikuwa myembamba kama pumzi, na juu yake nta ya nyuki, nikasugua mpaka mkono ukachoka. Shelaki ina udhaifu wake: kikombe cha chai ya moto kitaacha alama, na manukato yenye spiriti yatauma. Ila kovu lake huponywa kwa kitambaa kilekile, hapohapo, bila kubandua chochote.

Sehemu moja haipakwi: kikao cha shingo, pale shingo inapokaa na kukazwa kwa skrubu, kwani utando wowote ungeibana. Humo hata mafuta yangu ya nazi hayakuingia.

Binti alikuja Ijumaa baada ya sala. Aliuinua ubao kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza, akapitisha kidole ndani ya kile kikao kabla ya kuweka shingo. Kidole kikasimama.

“‘Hapa usizidishe,’” akasoma. “Huu mwandiko wa baba.”

“Ndiyo.”

“Kwengine hakuandika?”

Nikafungua mtoto wa meza, nikampa karatasi. Aliisoma yote, vipimo na maneno, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani. Kisha akaniomba bisibisi.